Sura ya Sita: Jirani Yako Ndegeni Alilipa Ngapi?

Swali hili huzuka hapa Bura, Tana River, kila likizo inapokaribia, jamaa walioko Nairobi wanapoanza kupiga simu kuuliza habari za nyumbani na njia ya kufika. Iweje ndege moja, siku moja, saa moja, mtu alipe shilingi 4,000 na aliyekaa naye bega kwa bega awe ametoa 13,000? Mizigo yao imepimwa kwa mizani moja, watatua Malindi dakika moja, kisha watatafuta gari la Garsen pamoja. Na yule wa 13,000 akishajua, huongeza swali la pili kwa uchungu: hiyo 4,000 hata mafuta inatosha?

Barazani majibu huwa matatu. Kuna asemaye ndege za bei hiyo ni kuukuu. Kuna asemaye yule wa 4,000 ana mtu wake ofisini. Na kuna asemaye ni chambo tu, shirika linakula hasara leo ili likukamue kesho.

La kwanza tuliondoe njiani mapema. Ndege zote zinazobeba abiria nchini husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na fundi anayekagua injini hajui nani kalipa ngapi. La pili nalo halisimami: tiketi hizi huuzwa na kompyuta, na bei ya chini huipata yeyote aliyeuliza kwa wakati wake. La tatu lina chembe ya ukweli, tutalirudia. Lakini jibu lenyewe ni jingine. Nauli ya 4,000 ipo kwa sababu nauli ya 13,000 ipo. Zote mbili zilipangwa pamoja, mezani pamoja, kabla wewe hujawaza safari.

Gharama isiyojali nani amepanda

Ndege ambayo shirika la Jambojet huitumia kwa safari za Malindi ni Dash 8 Q400, ya propela mbili, yenye viti 78. Kabla haijasogea, shirika limekwishaingia gharama: kodi ya ndege yenyewe kwa aliyeikodisha, bima, mishahara ya marubani na wahudumu, ukarabati, ada ya kutua, ada ya kuongozwa angani, na mafuta. Gharama hizi hazibadiliki sana hata ndege ikiruka na watu 30 badala ya 78. Rubani hapunguzi mshahara kwa sababu nyuma kuna viti vitupu.

Sasa mfikirie abiria wa 31. Akipanda, ndege itachoma mafuta kidogo zaidi kwa uzito wake, atakunywa maji, na shirika litawasilisha ada ya abiria inayotozwa kisheria. Basi. Hii huitwa gharama ya nyongeza, yaani pesa inayotoka kwa ajili ya mtu mmoja zaidi, na ni ndogo mno ukiilinganisha na nauli. Kwa hiyo, iwapo kiti kingebaki kitupu, nauli yoyote inayozidi gharama hiyo ya nyongeza ni pesa iliyookotwa. Mwenye 4,000 hakuwekwa alipie safari nzima. Aliwekwa aongeze kitu juu ya kile ambacho wengine wamekwishalipa.

Muuza maembe wa Garsen anaijua nusu ya habari hii. Embe lililoiva haliwezi kungoja wiki ijayo, na jua likielekea kuchwa bei hushuka, maana asubuhi litakuwa limelainika na hakuna wa kulitaka. Kiti cha ndege huoza upesi kuliko embe: mlango ukifungwa, kimekwisha, hakiwekwi akiba ya kesho. Lakini mfano unakomea hapo, kwa sababu muuza maembe hushusha bei jioni na shirika la ndege hupandisha. Viti vya mwisho vilivyobaki usiku wa kuamkia safari ndivyo ghali kuliko vyote, na aliyekwenda uwanjani Malindi asubuhi akidhani atauziwa kwa bei ya kutupa kwa kuwa ndege inakaribia kuondoka, hurudi na mshangao.

Kwa nini wapandishe bei ya kitu kinachokaribia kuoza? Kwa sababu wanaokuja jioni si watu wale wale waliokuja asubuhi.

Anayeweza kungoja na asiyeweza

Watu wawili wanatoka Bura kwenda Nairobi. Mmoja ni mwalimu. Kalenda ya shule anayo ukutani, anajua shule zitafungwa lini, na safari yake ni ya kumwona dada yake. Ukimwambia nauli ya ndege ni 8,000, atacheka, apande basi la Garissa, alale njiani kupitia Mwingi, afike Nairobi amechoka lakini mfuko salama. Ukimwambia 4,000, atapiga hesabu, na huenda akaamua ashuke hadi Malindi.

Wa pili amepigiwa simu saa mbili usiku. Kuna mkutano wa kandarasi kesho saa tano, na asipokuwepo kazi inakwenda kwa mwingine. Au amepigiwa kwamba mgonjwa wake aliyelazwa Nairobi hali imebadilika. Huyu haulizi nauli ni ngapi. Anauliza kama kuna nafasi.

Shirika likiweka bei moja kwa wote, litakosa pande zote. Bei moja ya chini humfurahisha mwalimu lakini humwachia mwenye kandarasi kiti kwa pesa ndogo kuliko aliyokuwa tayari kutoa. Bei moja ya juu humfukuza mwalimu arudi kwenye basi. Suluhisho ni kuwauzia watu hawa kwa bei tofauti, ila huwezi kumwuliza mteja dirishani: “Kaka, safari yako ni ya lazima kiasi gani?” Kila mtu atasema anakwenda kutembea tu.

Kwa hiyo shirika linamsoma mtu kwa tarehe anayokata tiketi. Aliyekata wiki sita kabla, pengine anaweza kwenda au kuacha. Aliyekata jana, hana la kufanya. Si kipimo kamili, lakini kinafanya kazi kwa watu wengi, na hicho ndicho kinachohitajika.

Masharti yanayoambatana na tiketi ya bei ya chini yana kazi hiyo hiyo. Pesa hairejeshwi. Kubadili tarehe ni kwa faini, wakati mwingine faini inayomeza tiketi nzima. Masharti haya hayapo kwa sababu kubadili tarehe kunaligharimu shirika pesa nyingi. Ni ukuta wa kumzuia mwenye kandarasi asijifanye mwalimu.

Ukuta huo huwaumiza watu wa huku kwa namna ambayo waliousimamisha huenda hawakuiwazia. Mtu wa Bura anayetaka kufika nyumbani kwa Idi akikata tiketi mapema, anakata kwa kubahatisha, kwa sababu siku yenyewe huamuliwa na mwezi. Mwandamo ukitangulia kwa siku moja, tiketi yake nafuu inamfikisha sikukuu imekwisha, au alipe faini. Wengi huamua kungoja, na wakingoja wanaingia kwenye kundi la jioni.

Viti 78, bei tano

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Ndege ya viti 78 inakwenda Malindi, na safari hiyo inaligharimu shirika shilingi 480,000. Nauli ninazotaja hapa ni zile zinazobaki baada ya kutoa ada na kodi za kupeleka kwa serikali.

Mtu anayepanga bei anavigawa viti hivyo, kwenye kompyuta, katika mafungu. Kila fungu huitwa daraja la nauli na hupewa herufi, na ukitazama tiketi yako kwa makini utaiona herufi hiyo imejibanza pembeni. Daraja la nauli si sehemu ya ndege. Mwenye herufi ya bei ya chini anaweza kukaa safu ya mbele, na mwenye ya juu akakaa karibu na choo.

- Viti 8 kwa 3,500: jumla 28,000
- Viti 20 kwa 5,500: jumla 110,000
- Viti 25 kwa 7,500: jumla 187,500
- Viti 15 kwa 10,000: jumla 150,000
- Viti 10 kwa 13,500: jumla 135,000

Vyote vikiuzika, shirika limepata 610,500, na baada ya kulipa gharama limebaki na 130,500. Sasa jaribu kuuza vyote kwa bei moja, tuseme 7,800, ambayo ni karibu na wastani wa hizo tano. Waliokuwa wakingoja 3,500 na 5,500 hawaji. Wenye haraka wanakuja, wanalipa 7,800, wanashukuru. Ukipata watu 55 kwa bei hiyo, mkononi una 429,000, na kwenye safari hiyo umepata hasara ya 51,000.

Tazama tena wale wanane wa kwanza. Ukiwaondoa, ndege ile ile inapata 582,500, bado kuna faida. Wao si uti wa mgongo wa safari. Lakini bila wao 28,000 isingekuwepo, na kuna jambo jingine wanalolifanya: ile bei ya 3,500 ndiyo inayoandikwa kwenye tangazo, ikitanguliwa na neno dogo “kuanzia”. Watu mia kadhaa wataiona, watafungua simu zao, na kukuta imebaki ya 7,500. Baadhi yao watainunua hivyo hivyo. Hapo ndipo yule mzee wa barazani aliyesema “chambo” alipopatia.

Mafungu haya pia yanaeleza kioja ambacho familia hukutana nacho. Baba anatafuta tiketi nne kwa pamoja, anaonyeshwa 7,500 kila moja. Anatafuta moja, anaonyeshwa 5,500. Anaamini simu imemjua kuwa ana watoto. Ukweli ni kwamba kwenye fungu la 5,500 vimebaki viti viwili, na kompyuta ikiombwa viti vinne kwa mara moja huenda moja kwa moja kwenye fungu la kwanza lenye vinne kamili. Akikata viwili, kisha viwili vingine, atakuwa ameokoa 4,000.

Swali la mwaka 1972

Kazi ngumu ya mpangaji wa bei ni kujua wakati wa kumkatalia mteja wa bei ya chini. Akimkatalia mapema mno, kiti kitaruka kitupu. Akichelewa, amemnyima kiti yule wa usiku mwenye pesa zake mkononi.

Mwaka 1972 mtu aitwaye Ken Littlewood, mfanyakazi wa BOAC, aliliandikia swali hili kanuni. BOAC ndilo shirika la Uingereza lililokuwa likileta wasafiri Nairobi kabla halijaunganishwa kuwa British Airways mwaka 1974, kwa hiyo hesabu hii haikuzaliwa mbali nasi kama inavyodhaniwa. Kanuni yenyewe ni nyepesi hivi: mkubalie mteja wa bei ya chini maadamu anachokupa sasa kinazidi bei ya juu ukiizidisha kwa uwezekano wa kuipata.

Kwa mfano, mtu yuko mbele yako na 5,500. Unajua kwamba huenda akatokea mwingine wa 13,500. Ukitazama safari zilizopita za siku kama hii, mara 4 kati ya 10 hutokea. Nne kati ya kumi ya 13,500 ni 5,400. Mwuzie huyu aliyepo. Lakini ikiwa ni mkesha wa Krismasi na mtu wa 13,500 hutokea mara 5 kati ya 10, nusu ya 13,500 ni 6,750. Mwambie wa 5,500 kwamba viti vyake vimekwisha, hata kama ndege ina viti vitupu ishirini.

Ndiyo maana unaweza kuambiwa bei ya chini imekwisha, kisha ukapanda na kukuta safu nzima haina mtu. Hawakukudanganya. Walikuwa wanamngojea mtu ambaye hakuja. Na ndiyo maana pia bei iliyofungwa Jumatatu inaweza kufunguliwa Alhamisi: viti havikwenda kama vilivyotarajiwa, mpangaji akarudisha viwili vitatu kwenye fungu la chini. Kompyuta hailifanyi hilo kwa kukuonea wewe uliyetafuta mara nyingi. Haioni mafuriko, haioni mgonjwa, haioni harusi. Inaona viti vinaondoka haraka au polepole kuliko kawaida ya tarehe hiyo, basi.

Kwa ufupi, mpaka hapa:

- Ndege hugharimu karibu sawa ikijaa au isipojaa, kwa hiyo kiti cha ziada ni rahisi kukitoa.
- Bei hupangwa kwa mafungu. Ukikuta imepanda, mara nyingi ni fungu la chini limekwisha au limefungwa.
- Shirika hukisia haja yako kwa tarehe unayokata tiketi.

Mwenye mafungu humshinda mwenye bei moja

Marekani iliacha kupanga nauli za ndege kwa amri ya serikali mwaka 1978, na mashirika mapya yakachipuka. Lililotamba zaidi liliitwa People Express, lililoanza kuruka mwaka 1981 kutoka Newark, karibu na New York. Lilikuwa na nauli za chini kwa kila mtu, huduma chache, na ndege zilizojaa. Mashirika makubwa yaliona abiria wao wakihama.

Januari 1985 American Airlines, likiongozwa na Robert Crandall, lilijibu. Halikushusha bei zote. Lingefanya hivyo lingekufa. Lilitoa nauli za chini sawa na za People Express kwa viti vichache katika kila ndege, kwa sharti mtu akate mapema, na vingine vyote likaviacha kwa bei ya wenye haraka. Ghafla mwanafunzi angeweza kupanda ndege ya shirika kubwa kwa bei ile ile ya shirika changa, huku mfanyabiashara akilipia karamu. People Express halikuwa na kompyuta ya kufanya mgawanyo huo. Mwaka 1987 jina lake lilifutika.

Tangu hapo, shirika linalouza viti vyote kwa bei moja ya chini ni kama halipo tena. Hata yale yanayojiita ya nauli nafuu yana mafungu yao.

Huku kwetu vita vilifika baadaye. Kwa miaka mingi, baada ya East African Airways kuvunjika mwaka 1977, njia kuu za ndani zilikuwa na wachuuzi wachache. Fly540 lilianza mwaka 2006 na kuleta ushindani njia ya Mombasa. Novemba 29, 2012, fastjet liliruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa ndege za Airbus A319, nauli zikianzia shilingi 32,000 za Tanzania bila kodi, na wengi waliopanda walikuwa wanaingia ndegeni mara ya kwanza maishani. Kenya Airways nalo likaanzisha shirika dogo la kupigana vita hivyo, Jambojet, lililoruka Aprili 1, 2014 kwa nauli iliyoanzia 2,850 kwa safari ya kwenda tu.

Tafakari hiyo 2,850 ililenga nani. Haikuwa kumnyang'anya abiria mwenye tai. Ililenga abiria wa basi la usiku, yule ambaye hakuwa amewahi kuuliza nauli ya ndege. Mtu huyo ni soko jipya, na soko jipya ndilo linalofanya shirika lithubutu kuuza fungu la kwanza kwa bei inayoshtua. Kisha mwaka 2017 ikaja treni ya Madaraka Express, Nairobi hadi Mombasa kwa shilingi 700 daraja la kawaida ilipozinduliwa, na ndege zikapata mshindani mwingine ambaye hawezi kupuuzwa.

Lakini nauli ya kushtua ni silaha yenye makali pande mbili. Fastjet la Tanzania liliacha kuruka Desemba 2018 likiwa limelemewa na madeni. Bei ya chini bila wale wa bei ya juu nyuma yake haidumu. Na Afrika hata wa kujaza viti si wengi: mwaka 2024, duniani viti zaidi ya 83 kati ya kila 100 viliruka na watu, lakini kwa mashirika ya Afrika vilikuwa karibu 75 tu. Kila kiti kitupu kinabebwa na waliolipa.

Kinachorudi kwa mlango wa nyuma

Tiketi ya bei ya chini kabisa mara nyingi humbeba mtu na mkoba wake wa mkononi, hapana zaidi. Begi la kuingia tumboni mwa ndege lina bei yake. Kuchagua kiti kuna bei yake. Chai ina bei yake.

Kwa msafiri wa mjini hili ni dogo. Kwa anayetoka Tana River ni kubwa, kwa sababu huku hakuna anayekwenda kwa ndugu mikono mitupu. Mwone mama amesimama mbele ya mizani uwanjani Malindi. Ana boksi la maembe lililofungwa kwa kamba ya katani, kidumu cha samli kilichozungushiwa nailoni mara tatu, na begi la nguo. Tiketi aliikata kwa 5,500 na akaifurahia. Sasa binti wa kaunta anamwambia kwa upole, “Mama, hii imezidi,” na mama anaanza kufungua boksi pale pale sakafuni, anatoa maembe manne, anayatia kwenye mkoba wa mkononi, anapima tena, bado. Anamgeukia kijana aliye nyuma yake: “Mwanangu, wewe huna mzigo, nibebee hii.” Kijana anatazama ukutani, kwa sababu kuna bango linalokataza kubeba mzigo wa mtu mwingine. Mwishowe mama analipa. Basi lingempakilia boksi lile kwa kupatana na utingo.

Ndege inayorudi tupu

Kuna nauli za chini ambazo hazitokani na tarehe ya kukata bali na upande unaokwenda. Wiki ya Krismasi Nairobi yote inataka Pwani. Ndege zinateremka Malindi na Mombasa zimejaa pomoni, kisha lazima zirudi kuchukua wengine, na ni nani anayetaka kwenda Nairobi Desemba 23? Kiti cha kupanda juu siku hizo kinaweza kuuzwa kwa bei ndogo sana huku cha kushuka kikiwa hakishikiki. Januari mambo hupinduka. Mtu wa Bura mwenye shughuli Nairobi katikati ya sikukuu, kama kliniki au kumsindikiza mtoto, ana bahati ambayo wengi hawaijui: anakwenda kinyume na mkondo. Ndege za mahujaji nazo ni hivyo hivyo, hujaa kwenda Jeddah na kurudi zikiwa nyepesi, kisha baada ya Hija kinyume chake.

Nauli za kosa zipo pia, ila hazifai kupangiwa maisha. Siku ya mwaka mpya wa 2019 Cathay Pacific liliuza viti vya daraja la biashara kutoka Da Nang, Vietnam, hadi New York kwa takriban dola 675 badala ya maelfu mengi. Bei hiyo iliwekwa kwa makosa. Shirika lilikubali kuwabeba walionunua. Mengine hufuta tiketi na kurudisha pesa.

Kwa nini hakuna 4,000 ya kwenda Hola

Swali la mwisho ni la wenyeji. Kama kiti cha ziada ni rahisi hivyo, mbona hakuna nauli nafuu ya kutua Hola, au Bura kwenyewe?

Kwa sababu hila yote tuliyoieleza inahitaji vitu vitatu kwa pamoja: ndege kubwa, safari nyingi kwa siku, na mchanganyiko wa abiria. Ndege inayotua kwenye viwanja vidogo vya kaunti ni kama Cessna Caravan, ya injini moja na viti kama dazeni. Gharama za marubani, bima na ukarabati zinagawanywa kwa watu kumi badala ya sabini. Na katika watu kumi hao, ukitenga viti vitatu vya bei ya chini, saba waliobaki lazima walipe pesa ya kutisha, na kila siku. Q400 inashuka Malindi, inageuza kwa muda mfupi, inaondoka kwenda kuuza viti vingine 78 mahali pengine. Ndege ya Hola ingengoja.

Kwa hiyo nauli nafuu ya mtu wa Bura huanza Malindi, na lazima aihesabu kuanzia mlangoni kwake: gari hadi Hola, Garsen, kisha zile kilomita zaidi ya 100 hadi Malindi, na chumba cha kulala ikiwa ndege ni ya asubuhi. Baada ya hapo basi la Garissa huweza kuwa nafuu hata dhidi ya fungu la kwanza. Isipokuwa barabara ikikatika. Mvua za Novemba 2023 ziliikata njia ya Garissa–Nairobi upande wa Madogo, watu wakavushwa kwa mashua, na mafuriko ya Aprili 2024 yakairudia. Siku kama hizo kila mwenye safari ya lazima huwa ni mtu wa usiku wa manane, na kompyuta haina fungu la waliozingirwa na maji.

Vitabu vya biashara hupenda kusema kuwa mfumo huu ni wa haki kwa namna yake: tajiri mwenye haraka anamlipia maskini mwenye subira. Nairobi huenda ni hivyo. Bura mambo yamekaa kinyume. Mwenye mshahara ndiye anayejua tarehe zake. Mwalimu anaweza kukata tiketi ya Desemba mwezi wa Septemba, kwa pesa iliyoingia mwisho wa mwezi. Mkulima wa skimu ya umwagiliaji, jirani yake, hushika pesa mavuno yakishalipwa, na mavuno hayalipwi kwa kalenda. Akipata safari ya lazima, atafika kwenye tiketi mafungu ya chini yamekwisha, alipe 13,500, na akae kando ya mwalimu aliyelipa 3,500.